Kumngoja Trauti Asilia: Mwongozo wa Siku za Kabla ya Kwenda Kijitoni

Msimu haujafunguliwa, au likizo bado iko wiki sita mbele, na mkono unawasha. Ufito umeshaupangusa, ukaukunja, ukaufungua tena. Wavuvi wengi wa nzi bandia huzipoteza siku hizi: hununua vitu wasivyohitaji, kisha hufika mtoni na pupa kiasi kwamba samaki wa kwanza anawaona kabla wao hawajamwona. Kwa kijito kidogo kilichojificha milimani, chenye trauti (samaki wa maji baridi) wa asili ya palepale, sehemu kubwa ya uvuvi hufanyika kabla hujalowesha kiatu. Ndiyo maana mwongozo huu unaishia saa ya kwanza ya uvuvi wenyewe. Umeandikwa kwa mtu ambaye tayari anaweza kurusha mshipi, hata kama si kwa ustadi.

1. Mjue samaki kwanza, kijito baadaye

Tangu karne ya 19 watu wamewabeba trauti na kuwamwaga karibu kila bara lenye maji baridi. Kwa hiyo kumkuta trauti mtoni hakumaanishi kwamba ni wa hapo. Trauti wa upinde wa mvua asili yake ni mito inayoingia Bahari ya Pasifiki, upande wa Amerika ya Kaskazini na upande wa Kamchatka, Urusi. Trauti kahawia ni wa Ulaya, Asia ya magharibi na milima ya Atlas kule Moroko na Algeria, kona pekee ya Afrika yenye trauti wake yenyewe. Wale wa mito ya Mlima Kenya waliletwa na walowezi mwanzoni mwa karne ya 20. Ni samaki wazuri, lakini siwasemei hao.

Mwongozo huu unawalenga zaidi trauti asilia wa Marekani, kwa sababu huko ndiko msako wa vijito vya siri umekuwa karibu mchezo unaojitegemea. Upande wa mashariki kuna trauti wa vijito, aliyeenea tangu Labrador na Ghuba ya Hudson hadi milima ya Appalachia kaskazini mwa jimbo la Georgia. Upande wa magharibi, kwenye Milima ya Rocky na kwingineko, kuna trauti wa koo jekundu, anayetambulikana kwa michirizi miwili myekundu chini ya taya.

Jifunze kuwatofautisha ungali nyumbani, kwa picha. Trauti wa vijito kiukoo si trauti hasa, ni wa jenasi ya Salvelinus, na rangi zake zinalisema hilo: madoa meupe-meupe juu ya mwili mweusi, mgongo wenye michoro iliyopindapinda kama njia za minyoo kwenye ubao, na mapezi ya chini yenye ukingo mweupe unaoonekana hata samaki akiwa ndani ya maji. Trauti kahawia, wa upinde wa mvua na wa koo jekundu wana madoa meusi juu ya mwili wa rangi nyepesi.

Kujua aina kunakupa pia kalenda. Trauti wa vijito na trauti kahawia hutaga majira ya kupukutika majani. Wa koo jekundu hutaga majira ya kuchipua hadi mwanzo wa kiangazi, kwa kufuata maji ya theluji. Jike huchimba kwa mkia shimo kwenye changarawe, hutaga, kisha hufunika. Kiatu kimoja juu ya kiota hicho kinaweza kuua mayai mengi kuliko samaki utakaowavua mwaka mzima. Ukiona kipande cha changarawe kimekuwa safi na cheupe kuliko kinachokizunguka, kizunguke kwa mbali, na usirushe nzi kwa samaki waliosimama juu yake.

2. Tafuta kijito kwenye ramani

Hapa ndipo ningekushauri utumie jioni zako nyingi, kuliko kwenye duka lolote la vifaa.

Trauti asilia waliobaki wako juu, karibu na vyanzo. Sababu ni ya kihistoria. Katika milima ya Great Smoky, kati ya Tennessee na North Carolina, ukataji wa magogo mwanzoni mwa karne ya 20 uliondoa kivuli na kujaza tope mitoni, kisha wakapandwa trauti wa upinde wa mvua na baadaye kahawia. Trauti wa vijito akasukumwa juu hatua kwa hatua, hadi akapoteza takriban asilimia 75 ya maeneo yake ya zamani ndani ya hifadhi ya taifa ya milima hiyo. Kwa miaka mingi ilikuwa marufuku kumvua humo, na ruhusa ilirudi mwaka 2006.

Kinachomwokoa mara nyingi ni maporomoko. Samaki mgeni anapanda kutoka chini, anafika kwenye ukuta wa mwamba wenye maji yanayoanguka, anashindwa kuruka, na juu ya ukuta huo wenyeji wanaendelea na maisha yao. Basi kazi yako kwenye ramani ni kuutafuta ukuta huo.

Fungua ramani ya topografia, ile inayoonyesha miinuko kwa mistari ya kontua. Shirika la jiolojia la Marekani, USGS, hutoa za kipimo cha 1:24,000 bila malipo, na hizo zinatosha. Fuata mstari wa buluu kutoka mto mkubwa kwenda juu. Mistari ya kontua inapokatiza kijito ikiwa imebanana sana, hapo pana mteremko mkali, pengine maporomoko. Pima sehemu iliyo juu yake: kontua zinaonyesha kijito kimepanda mita ngapi ndani ya kilomita moja? Kikipanda chini ya mita 10 utakuta maji yanayozunguka taratibu kwenye uwanda wa majani, yenye samaki waoga kupindukia. Kikipanda zaidi ya mita 150 utatumia siku nzima kupanda mawe. Mimi hupenda mita 40 hadi 80, ambapo kijito huteremka kwa ngazi: kidimbwi, mwamba, kidimbwi, mwamba, na kila kidimbwi kina nafasi ya samaki mmoja au wawili.

Kisha linganisha na picha za setilaiti. Tafuta vitu vitatu. Kwanza kivuli: msitu uliofunga juu ya maji, na katika nusu ya kaskazini ya dunia mteremko unaotazama kaskazini, ambao jua haliuchomi sana. Pili, njia. Barabara inayofuata kijito ina maana wavuvi wanakifuata pia. Ninavutiwa zaidi na kijito ambacho njia ya miguu inakikatiza mara moja tu na kuendelea zake. Tatu, angalia kama kuna ziwa dogo au mabwawa ya biva (mnyama anayeziba vijito kwa miti na matope) juu yake. Mabwawa hayo yana samaki wazuri wakati mwingine, lakini mwezi wa joto yanaweza kuyapasha maji yote yaliyo chini yake.

Chagua vijito vitatu, si kimoja. Cha kwanza kikiwa kimekauka au kina gari la mtu mwingine limeegeshwa mdomoni, unahamia cha pili bila kununa.

3. Piga simu na soma sheria

Leseni, tarehe za msimu, idadi ya nzi kwenye mshipi, ndoano za aina gani zinaruhusiwa, ardhi ya nani unapita: yote haya hubadilika jimbo kwa jimbo, hata kijito kwa kijito, na yako kwenye tovuti ya idara ya wanyamapori ya jimbo husika. Yasome mwaka huohuo unaokwenda.

Ila usidhani kijito kilichojificha ni halali kwa sababu tu hakina mtu. Mfano ni Bear Creek karibu na Colorado Springs. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba trauti wa koo jekundu mwenye mgongo wa kijani, samaki rasmi wa jimbo la Colorado, alikuwa amebaki porini kwenye kijito hicho kimoja. Na hakuwa hata wa hapo: mwenye hoteli mmoja alimpandikiza huko karne ya 19, kwenye maji yasiyokuwa na samaki, na kwa bahati hiyo akanusurika wakati ndugu zake wa mto wa asili wanatoweka. Uvuvi hapo umepigwa marufuku. Visa kama hivyo viko vingi kwenye vijito vinavyofanyiwa ukarabati.

Ukipiga simu ofisi ya idara, omba kuongea na mtaalamu wa samaki wa eneo hilo. Usimwulize "samaki wako wapi?" Mwulize ni vijito gani wamevipima miaka ya karibuni na kuwakuta wenyeji, na vipi vimefungwa. Watu hawa hupenda kuulizwa na mtu aliyeshasoma ramani yake, na mara nyingi watakupa zaidi ya ulichoomba.

4. Vifaa: punguza

Ufito wa mita 2 hadi 2.3, wa uzito namba 2 hadi 4 (namba ya uzito wa mshipi unaoufaa), unatosha kwa kijito cha msituni. Palipo wazi ufito mrefu zaidi una faida, kwa sababu unaweza kuinua mshipi wote juu ya mikondo. Wajapani walilitatua jambo hili kwa tenkara: ufito mrefu, mshipi uliofungwa nchani, hakuna rili kabisa, nao wanawavulia samaki wa milimani kama yamame na iwana. Inafaa sana kwa vidimbwi vidogo. Rili kwenye kijito cha namna hii ni pahali pa kuhifadhia mshipi tu, usilipie nyingi.

Mwishoni mwa mshipi mnene hufungwa uzi wa mbele, ule mwembamba usioonekana kirahisi majini. Usizidi mita 2.3, na umalizie kwa 4X au 5X. Namba hizo zina hesabu rahisi: toa namba kwenye 11, unapata unene kwa elfu za inchi. 4X ni elfu 7, yaani milimita 0.18. 5X ni elfu 6, yaani milimita 0.15. Kuna wanaoshuka hadi 7X wakidhani wembamba ni ujanja. Kwenye maji ya kasi yaliyojaa magogo huo ni mkosi: samaki anaondoka na nzi mdomoni.

Nzi sasa. Vijito vya juu vina chakula kidogo na maji yanakwenda mbio, hivyo samaki ana sekunde moja ya kuamua. Hachagui sana. Anachohitaji nzi ni kuelea vizuri na kuonekana na wewe mwenyewe. Beba Adams, aliyebuniwa na Len Halladay huko Michigan mwaka 1922, nzi wa kijivu asiyefanana na mdudu mmoja lakini anayekumbusha wengi. Ongeza Elk Hair Caddis, nzi wa Al Troth wa manyoya ya kulungu mkubwa wa Amerika, ambaye huelea hata kwenye povu. Kwa chini ya maji beba tunutu wa Frank Sawyer, Mwingereza aliyekuwa mlinzi wa mto Avon: nyoya la mkia wa ndege aitwaye feasanti na waya mwembamba wa shaba, basi. Kuanzia katikati ya kiangazi weka pia sisimizi na mbawakawa, maana wanaanguka kutoka matawini. Ndoano ziwe namba 12 hadi 16. Kisanduku kimoja kinachoingia mfuko wa shati.

Kama unafunga nzi mwenyewe, funga wengi wa aina chache. Kungoja kunamshawishi mtu kujaribu mapambo mapya kila usiku, na matokeo ni kisanduku chenye nzi arobaini ambao huwezi kumrudia hata mmoja akikatika.

Jambo moja lifanye nyumbani kwa utulivu, mezani, chini ya taa: bana vimiba vya ndoano zote, yaani vile vijimwiba vya nyuma ya ncha vinavyozuia ndoano kutoka. Shika ndoano kwa koleo lenye meno laini, koleo likiwa sambamba na ncha na si la kukatiza, kisha bana polepole hadi kimiba kilale. Ukibana kwa ghafla ncha huvunjika. Mjaribu kila nzi kwenye kitambaa cha pamba: choma, vuta. Ikitoka bila kuinua hata uzi mmoja, iko tayari. Ikiinua uzi, bana tena. Ukiwa mtoni na vidole vina ganzi hutalifanya hili, utajiambia "huyu mmoja tu".

5. Zoeza mkono kwa mitupo utakayoitumia

Watu huenda uwanjani na kurusha mita 20. Kijitoni utarusha mita 4, umepiga goti, na tawi liko nyuma ya kichwa. Zoezi liwe la hali hiyo. Funga kipande cha sufi nyekundu badala ya nzi, weka sahani kwenye majani mita 4 mbele, piga goti, urushe huku mkono hauvuki usawa wa bega. Kisha rudia kwa mkono ukiwa ubavuni, ufito umelala sambamba na ardhi.

Mtupo wa upinde unaweza kuufanyia sebuleni. Vuta mshipi wa urefu wa karibu na ufito, shika nzi kwa vidole viwili kwenye mpindo wa ndoano ili ncha isikupate, elekeza ncha ya ufito kwenye shabaha, vuta nyuma hadi ufito ujikunje, achia. Nzi hupita chini ya matawi ambako mtupo mwingine haupiti. Mtupo wa kuviringisha mshipi juu ya maji unahitaji maji yenyewe, kwa hiyo tafuta bwawa lolote. Majani hayashiki mshipi inavyotakiwa.

6. Wiki ya mwisho, soma maji

Vijito vidogo havina vipimo, lakini mto vinamomwaga mara nyingi una kituo cha USGS kinachotoa kiwango cha maji mtandaoni karibu kila saa. Usijali sana tarakimu, tazama umbo la mchoro. Mstari uliopanda ghafla kwa mvua na sasa unashuka taratibu ni habari njema. Magharibi, mstari unaopanda na kushuka kila siku kwa mpigo uleule ni theluji inayoyeyuka, na kijito bado ni kikali na cha baridi mno. Subiri.

Joto ni jambo la pili. Trauti hula vizuri maji yakiwa nyuzi 10 hadi 16 za Selsiasi. Yakifika 20 oksijeni inapungua na samaki aliyepigana na mshipi anaweza kufa baada ya kuachiliwa, hata akiondoka akiogelea. Kwa trauti wa vijito mimi husimamia 18. Kipimajoto kidogo cha mfukoni ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote na ndicho kinachosahaulika zaidi. Jipangie kabisa ungali nyumbani: yakizidi hapo, ni siku ya kutembea tu.

7. Usiku wa kuamkia safari

Mkoba uwe mwepesi: kisanduku cha nzi, uzi wa akiba, mkasi, koleo, kipimajoto, chakula, chujio la maji, koti la mvua, taa ya kichwa, ramani ya karatasi. Simu haitashika mtandao. Mwachie mtu maandishi yenye jina la kijito, mahali gari litakapoegeshwa, na saa ambayo asipokusikia aanze kukutafuta.

Viatu vikaguliwe. Tope la mto uliopita linaweza kubeba vimelea vinavyowapinda uti samaki wachanga na kuwafanya wazunguke kama pia, au konokono wadogo wa New Zealand ambao mmoja peke yake anaweza kuanzisha kizazi. Sugua, suuza, kausha kabisa. Soli za sufi iliyoshindiliwa hukawia kukauka, na Maryland ilizipiga marufuku mwaka 2011 kwa sababu hiyo.

8. Saa ya kwanza

Kidimbwi cha kwanza ndicho wengi hukiharibu, kwa sababu kimengojwa sana. Simama mbali, hatua kumi kutoka ukingoni, upande wa chini wa bwawa na si upande wa juu. Kaa. Funga nzi ukiwa umekaa. Samaki anatazama juu ya mkondo, kwa hiyo nyuma yake ndiyo njia yako. Dunia ya nje anaiona kupitia duara lililo juu ya kichwa chake, na kitu kilicho chini karibu na usawa wa maji hubanwa pembezoni mwa duara hilo kiasi cha kutotambulika. Piga goti na wewe utabanwa humohumo. Mtikisiko wa kokoto chini ya kiatu, huo ataupata tu.

Tazama mwisho wa bwawa, pale maji yanapokuwa kina cha kiganja kabla ya kumwagika. Hapo hukaa samaki ambaye ukimkanyagia atakimbilia juu na kuwaambia wote. Kwa hiyo mtupo wa kwanza ni wa hapo, mfupi, hata kama jicho linataka kichwa cha bwawa penye povu. Inua ufito ili mshipi wote usiguse maji, ni uzi wa mbele na nzi tu. Mara nyingi utaona kivuli kikiachana na jiwe, pezi jeupe likipepea, kisha nzi hayupo. Inua kiganja, si bega: samaki hawa ni wa sentimita 15 hadi 20, na ukivuta kwa nguvu utamtundika mtini.

Lowesha mkono kabla ya kumgusa. Mwache ndani ya maji, geuza ndoano iliyobanwa kimiba, itatoka yenyewe. Kama ni lazima upige picha, mnyanyue kwa muda ambao wewe mwenyewe ungeweza kuziba pumzi bila taabu ukiwa umetoka kukimbia. Mmoja au wawili kwa bwawa, kisha panda linalofuata.

Kabla hujaondoka nyumbani, zima kumbukumbu ya mahali kwenye kamera ya simu yako. Picha iliyobeba viwianishi vya kijito ikifika kwenye kundi moja la wavuvi, wiki ijayo kutakuwa na magari manne pale ulipoegesha.